Tundu la 1928

Jumapili, 9 Septemba 2018

Chakula cha mchana kwa Migg. Makaroni ya jibini, rojo ya tofaa, na matusi. Makaroni yalikuwa mazuri.

Kaka yangu hawezi kunipitishia chumvi bila kuitia neno. Leo: "Beda, ule ubao wako wa sarafu umeshiba? Au zile pesa bado zina njaa?" Wanaume wawili wanaoimba naye wakacheka midomo imejaa. Nikasema pesa zangu angalau hazinuki samadi. Shemeji Rosalia akaondoa sahani yangu kabla sijaimaliza. Ndivyo anavyoamua ugomvi wetu — kwa vyombo.

Halafu wakatoa mabakuli. Tangu baba afariki mwezi wa pili yalikuwa hayajaguswa. Matatu, ya udongo, kubwa, la kati na dogo, kila moja na sarafu yake ya faranga tano. Unaliweka bakuli kiganjani, unalichezesha, sarafu inasimama kwa ukingo na kukimbia ukutani mwa bakuli mduara baada ya mduara, inavuma. Juu ya mvumo huo wanaume wanaimba kwa koo, bila maneno. Heri. Migg akipewa maneno huyaharibu.

Baba alishika bakuli kubwa maisha yake yote. Sasa ni la Migg, pamoja na nyumba na ng'ombe. Mimi niliachiwa saa isiyotembea. Nilipokuwa mdogo niliomba kushika hata lile dogo. "Una mikono mizito," alisema baba. Mikono hiyohiyo iliyomfagilia dohani bure mpaka alipozikwa.

Wakamaliza kuimba. Sarafu ya bakuli kubwa ikalegea, ikayumba, ikalala. Upande wa ngao juu. Nikainama kama mtu aliyeangusha kitambaa.

1928.

Nikaangusha kitambaa kweli, nipate kuinama tena. 1928! Ndani ya bakuli la kaka yangu! Inazungushwa kama pia ya mtoto!

Jumatatu, 10 Septemba

Sikulala vizuri.

Nijiandikie, nipate kuona kama nina wazimu. Ile ni tano kubwa, ya fedha, yenye mchunga ng'ombe na kofia yake ya joho. Zilitoka miaka michache tu, kisha wakazifanya ndogo. Za 1923 unaziokota popote, hata mimi nina tatu za ziada kwenye soksi. Za 1928 zilitoka chache mno. Katika miaka yote ya kuingia nyumba za watu na brashi yangu nimeona kila kitu: senti za kale zenye dubu wa jimbo letu chini ya godoro, sarafu za ukumbusho za juzi bado kwenye plastiki zao, dhahabu ndani ya kopo la unga. Sijaona 1928 hata moja.

Ubao wangu uko ukutani sebuleni. Kadibodi ngumu, matundu ya mviringo, mwaka chini ya kila tundu. Safu ya tano kubwa imejaa. Isipokuwa tundu moja. Kwa miaka limekuwa likinitazama kama jicho lililong'olewa.

Na ile sarafu ilikuwa mezani kwa baba yangu muda wote huo!

Alhamisi, 13 Septemba

Mkutano wa chama cha sarafu, chumba cha nyuma cha mkahawa. Mwenyekiti wetu ni Daktari Egloff, wa meno. Hata sarafu anaitazama kama anatafuta pa kutoboa. Leo alituletea sarafu mpya ya ukumbusho, haijaguswa na mkono wa binadamu, na akatutaka tuipitishe mezani kwa kushika pembe za plastiki. Kumi na wawili sisi, watu wazima, tunapitishiana plastiki.

Nikauliza kwa mbali, kana kwamba nauliza hali ya hewa: hivi 1928 siku hizi zinapatikana?

"Kwa nani, Bwana Rusch? Kwako?" Akafuta miwani. "Umeipata kwenye masizi?"

Walicheka wote. Nilicheka nao. Nimejifunza kucheka nao, hugharimu kidogo kuliko kujibu.

Ngoja tu, wewe mng'oa meno. Ngoja.

Jumapili, 16 Septemba

Nimejaribu njia iliyonyooka. Liandikwe hilo, mahali fulani liandikwe!

Baada ya kahawa nikamwambia Migg: kaka, ile sarafu ya bakuli kubwa imechakaa, uso wa mchunga ng'ombe umekuwa kama sabuni iliyotumika. Nikupe nyingine, kubwa vilevile, fedha vilevile, safi.

Akanitazama kama ng'ombe anavyomtazama mganga wa mifugo.

"Tangu lini wewe unatoa kitu?"

Nikasema ni kwa ajili ya kumbukumbu ya baba. Hapo nilizidisha.

"Baba humuwezi, Beda. Alikuwa hai hukumuweza, sasa ndiyo utamuweza? Sarafu hii mama alimtia mkononi mbele ya kanisa siku ya harusi yao. Ulikuwa hujui? Si ajabu. Wewe hujawahi kuuliza sarafu imetoka wapi, unauliza imetoka mwaka gani."

Rosalia akaondoa kikombe changu.

Kweli sikujua. Hakuna aliyeniambia. Katika nyumba ile nilikuwa ninaambiwa habari za dohani tu.

Namna alivyolisema ndiyo iliyoniuma. Angesema hapana, basi, ningeenda zangu nyumbani. Kwanza hajui hata ana nini! Kwake zote ni "yule mwenye kofia".

Ijumaa, 21 Septemba

Leo ng'ombe wameshuka kutoka mlimani. Kijiji kizima barabarani, kengele, mbuzi weupe mbele, Migg ndani ya suruali ya njano kama haradali. Kwa hiyo nyumba yake ilikuwa na Rosalia peke yake. Kwa bahati jiko la vigae lilikuwa linahitaji kufagiliwa kabla ya baridi. Kwa bahati mimi nilikuwa nimejitolea.

Mabakuli hukaa juu ya jiko, kwenye rafu ya joto. Nilinawa mikono kwanza — sarafu haishikwi na mikono michafu, hilo hata Egloff angenisifu. Rosalia akaenda kutazama pai ya tofaa.

Nilishazipima jana usiku za kwenye soksi. Nikachagua 1923 iliyochakaa kuliko zote. Uso uleule wa sabuni. Ngao ileile iliyofifia. Nikaziweka sambamba kiganjani: mapacha. Moja ikaingia bakulini, moja ikaingia mfukoni. Kisha nikafagia jiko, na nililifagia vizuri sana.

Rosalia alinipa kipande cha pai. Kikubwa. Nikakila.

Jumamosi, 22 Septemba

Tundu limeziba!

Nimekaa mbele ya ubao asubuhi nzima na koti la kulalia. Safu imejaa kutoka mwanzo hadi mwisho. Imecheza kidogo ndani ya tundu lake, ile 1928, nikaona kadibodi imelegea kwa unyevu. Nikaishikiza kwa kipande cha karatasi nyuma.

Nilidhani ningefurahi zaidi. Labda furaha inakuja taratibu, kama mafuta ya taa kwenye utambi.

Migg hana alichopoteza. Ana mchunga ng'ombe, ana faranga tano, ana fedha. Ana kila kitu kasoro mwaka, na mwaka hakuwahi kuutazama.

Jumapili, 30 Septemba

Vibaya.

Chakula kikapita salama. Migg akatoa mabakuli, kwa sababu mwisho wa Oktoba wanaimba ukumbini, mara ya kwanza bila baba. Wale wawili wakaanza, dogo na la kati, yakavuma. Kisha Migg akaliingiza bakuli kubwa.

Kra-kra-kra-kra-kra.

Kama mkokoteni juu ya mawe! Wimbo ukafia kooni mwao. Migg akasimamisha bakuli, akalitazama ndani, akalizungusha tena. Kra-kra-kra. Akaliinua dirishani kutafuta ufa. Hakuna ufa. Akapitisha kidole ndani.

"Rosalia. Umelioshea nini?"

"Sijaliosha."

"Umelisugua kwa mchanga! Limekwaruzika! Hili bakuli halijawahi kuoshwa tangu babu!"

"Sijaligusa, nimekwambia."

"Basi limejisugua lenyewe?"

Na akaendelea. Kwamba mikono ya ukoo wa Rosalia inasugua hata kisichosuguliwa, kwamba mama yake alisugua mpaka sanamu ya mtakatifu ikabaki bila pua. Rosalia hakuondoa chombo hata kimoja. Alisimama na kitambaa cha vyombo. Kisha akatazama mikono yangu. Si uso wangu — mikono.

Nilisema labda ni hali ya hewa.

Hivyo ndivyo nilivyosema. Hali ya hewa!

Jumatatu, 1 Oktoba

Kwa nini ile ikavuma na hii ikagonga? Uzito mmoja, upana mmoja, fedha moja. Nimezitazama zile mbili zilizobaki kwenye soksi kwa kioo cha kukuzia, mbele na nyuma. Mbele na nyuma. Sioni kitu.

Alhamisi, 11 Oktoba



Nilienda na 1928 kwenye chama. Ubao mzima, chini ya kwapa, ndani ya foronya. Nilingoja mpaka Egloff amalize hotuba yake ya njia sahihi ya kufungua plastiki. Kisha nikauweka mezani na kuvuta foronya.

Kimya. Kimya kitamu! Mwanachama mmoja, mwalimu wa hesabu, akasema, "Ni yenyewe?" Mwingine akasema, "Mfagia dohani ametuzika." Niliwahi kuota sentensi hiyo, kwa hakika niliwahi kuiota.

Egloff akasukuma 1928 kutoka nyuma kwa kidole gumba, ikamdondokea kiganjani. Akatazama mbele. Akatazama nyuma. Akatikisa kichwa polepole, kwa heshima. Kisha akafanya jambo ambalo mimi sijawahi kulifanya kwa sarafu yoyote katika ubao wangu. Akaisimamisha.

Akapitisha ukucha ukingoni.

"Bwana Rusch," akasema, na sauti yake ilikuwa tamu, tamu kabisa, "hapa pana maandishi. Herufi zilizoinuka, zinazunguka ukingo wote. Kilatini. *Mungu ataruzuku*. Yako wapi?"

Nikainama kutazama ukingo.

"Yameliwa. Hii imezungushwa bakulini miaka hamsini. Si sarafu tena, ni ala ya muziki. Jino limebaki, mzizi hakuna." Akanirudishia kama anavyomrudishia mtoto jino lake. "Irudishe ilikotoka. Huko ina kazi."

Walicheka. Safari hii sikuweza kucheka nao.

Mbele na nyuma! Tunazibana kwenye kadibodi, tunazifunga kwenye plastiki, tunazitundika ukutani, tunasahau kwamba zina upande wa tatu. Kadibodi haikulegea. Sarafu ndiyo iliyopungua. Baba aliila, mduara baada ya mduara, mpaka ikawa laini na ikaimba. Na mimi nikamwekea Migg 1923 yenye herufi zake zote, zinagonga bakuli moja baada ya nyingine. Mungu. Ataruzuku. Kra. Kra. Kra.

Kwangu haifai kitu. Kwake haina mbadala.

Ningekuwa mtu mwingine ningeicheka habari hii.

Ijumaa, 12 Oktoba

Rahisi: nairudisha kimyakimya. Dohani. Kisingizio chochote.

Nilipiga simu. Migg: mabakuli ameyafungia kabatini, ufunguo anao shingoni. "Jiko ulishalifagia, Beda. Au sasa unafagia na makabati?"

Jumapili, 14 Oktoba

Sikualikwa chakula. Saa nane mlango ukagongwa — Rosalia, koti la kanisani, hakutaka kuketi.

"Shemeji," akasema, "tangu niolewe nakufungulia mlango uje kufagia. Hujawahi kunawa kabla ya kazi. Unanawa ukimaliza, na taulo langu linakuwa jeusi. Siku ile ya ng'ombe ulinawa ulipofika."

Nikasema mtu anaweza kubadilika akizeeka.

"Si wewe."

Akautazama ubao ukutani, tundu baada ya tundu. Sidhani alijua anachokitafuta. Lakini alisimama hapo muda wa kutosha kuifikia safu ya tano kubwa.

"Nalala chumba cha wageni tangu Jumapili ile bakuli lilipogonga," akasema, "kwa ajili ya mchanga ambao sikuugusa. Mwenzangu ananipita kama kabati. Sitamwambia kitu. Nikimwambia mimi, atakuja na mjeledi wa ng'ombe, na mtakuwa vichekesho kijiji kizima, na mimi nitakuwa katikati na sahani zangu. Nataka umwambie wewe. Kwa mdomo wako."

"Na nisipomwambia?"

"Basi usije tena kula kwangu." Akafunga vifungo vya koti. "Na makaroni unayapenda."

Alipotoka nilijaribu kumchukia. Nimefika nusu tu.

Jumatano, 17 Oktoba

Nimekaa na 1923 moja ya soksi na bakuli la kunyolea, naizungusha. Nikadhani: nikiilainisha ukingo, naweza kubadilisha bila... Kra-kra-kra. Mikono mizito. Inaruka, inaanguka, inagonga sinki. Mwenye duka la viatu la chini amepiga dari kwa fimbo. Nimehesabu: kwa mwendo huu herufi zitaisha nikiwa na umri wa miaka mia na kumi.

Ile ya baba sikuizungusha. Iko ubaoni, haisogei, na bado inanishinda.

Ijumaa, 19 Oktoba

Nimemwandikia Migg maneno matatu kwenye karatasi, nikayachoma. Nikamwandikia mengine. Hayo pia.

Jambo linalonikera: nikimwambia, atakuwa amepata haki. Yeye! Na atakuwa nayo maisha yake yote, mezani, pamoja na chumvi.

Jumapili, 21 Oktoba

Migg yuko jikoni kwangu.

Niandike upesi. Nimemwambia natafuta kioo cha kukuzia. Kioo kiko mfukoni.

Alikuja baada ya misa, bila salamu, bakuli kubwa limefungwa kwa shali ya mama. Hajawahi kupanda ngazi zangu tangu nihamie. Akaliweka juu ya meza ya jikoni, akakaa, akaipindua sarafu kwa kidole kimoja.

Nikangoja mjeledi.

"Wewe unajua sarafu," akasema.

Nilidhani sikusikia. Katika maisha yetu yote kaka yangu hajawahi kusema hivyo bila kicheko nyuma yake. Nilisubiri kicheko. Hakikuja.

"Nimelisugua bakuli kwa nta, halikubali," akasema. "Nimelipeleka kwa mfinyanzi, anasema halina kitu. Basi jana nikaishika sarafu yenyewe. Ukingoni ina meno. Ya baba haikuwa na meno." Alikuwa anaitazama meza. "Nimemtukana mke wangu wiki tatu, Beda. Sijui nimwambie nini. Niambie kwanza hii ni nini. Niambie kama sarafu inaweza kuota meno."

Angekuja na matusi ningekuwa nayo ya kumrudishia, nimeyatayarisha tangu utotoni. Hili sikulitayarisha.

Nikasema: ngoja nilete kioo.

Kwa hiyo niko chumbani, mlango nimeurudishia. Nilipopita sebuleni niliichomoa 1928 kutoka ukutani. Tundu liko wazi tena. Anaweza kuliona akigeuza shingo.

Jikoni anaizungusha 1923. Kra-kra-kra. Anaacha. Anaanza tena. Kra-kra-kra. Ana subira ya mtu anayengoja ndama.

Nimefikiria la kusema. Naweza kusema ndiyo, fedha ikipata baridi huvimba. Angeniamini! Leo angeniamini, na leo tu. Ningeishia kuwa bingwa mbele ya mtu pekee ambaye nilitaka kuwa bingwa mbele yake.

Bakuli la kunyolea liko hapa kwenye sinki la chumbani, kavu.

Sijawahi kuizungusha. Ya baba. Hata mara moja.

Mara moja tu, polepole, hatasikia kwa kelele zake —

Imeimba. Kwa mikono hii! Haikuruka, haikugonga, ilikimbia yenyewe kama inajua njia, mvumo uleule wa chini uliokuwa ukipita ukutani mwa chumba changu nikiwa mtoto, ninalala, wao wako mezani.

Jikoni kumenyamaza.

Bado inavuma, mkono mmoja bakulini, mwingine kwenye kalamu. Siwezi kuisimamisha, au sitaki, sijui.

Kiti kimeburuzwa.